Sura ya Fahali, Uhai wa Ndama: Historia ya Ng'ombe wa Mpaka wa Busia na Tororo

Ng'ombe wa kienyeji wa Busia na Tororo ni mfupi. Pembe zake ni fupi, nundu yake ya wastani, na rangi yake yoyote ile: mwekundu, mweusi, wa madoa. Akikomaa hufika kilo 200 na kitu, na mwenye naye hukamua lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kunyonya. Kwa zaidi ya miaka 100 maafisa wa serikali, wafadhili, na mwishowe wafugaji wenyewe, wamemtazama ng'ombe huyu wakaona upungufu. Wamemlinganisha na ng'ombe mkubwa wa Ulaya mwenye kiwele kipana, wakataka afanane naye.

Tamaa hiyo ina historia. Ilianzia katika nchi ambayo mnyama hupimwa kwa macho mbele ya majaji, ikapanda meli, ikapita Nairobi na Kabete, ikafika Malaba, Amukura na Sukulu. Njiani ilikutana na kupe na ndorobo. Waliolipa gharama ya mkutano huo kwa miili yao ni ndama.

Mchujo wa magonjwa, hadi 1902

Zebu wa pembe fupi waliingia Afrika Mashariki kutoka Asia karne nyingi zilizopita, wakachanganyika na ng'ombe waliowakuta. Kati ya Mlima Elgon na Ziwa Victoria walikuta nchi ya mito yenye vichaka vizito kando yake: Malaba, Malakisi, Sio. Ndorobo waliishi katika vichaka hivyo na kueneza nagana, malale ya mifugo. Katika majani kulikuwa na kupe wa masikio, anayebeba vimelea vya ndigana kali, ugonjwa ambao Waingereza waliuita homa ya Pwani ya Mashariki.

Waiteso, Wasamia, Wakhayo, Wanyole na Wajopadhola walifuga katika mazingira hayo hayo. Wao pia walikuwa na macho. Ng'ombe wa mahari alitazamwa rangi na umbo, na dume zuri lilisifiwa kijijini. Lakini mtu alichagua miongoni mwa wale tu waliokuwa wamebaki hai. Ndama asiyeweza kuvumilia kupe alikufa kabla hajafikisha umri wa kusifiwa, na mbegu yake ikaishia hapo. Kizazi baada ya kizazi, ugonjwa ulichagua kwanza, binadamu akafuata.

Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi kote Afrika Mashariki. Kabla watu hawajapumua, malale yalizuka Busoga karibu mwaka 1900 na kuenea kando ya ziwa hadi Samia na Nyanza. Katika miaka michache watu zaidi ya 200,000 walikufa upande wa Uganda, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wengine kwa nguvu kutoka ufuoni. Mashamba yalirudi kuwa msitu, na ndorobo wakapata makao mapya.

Katikati ya msiba huo, tarehe 1 Aprili 1902, London iliikata Uganda jimbo lake la mashariki na kulitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mstari huo ndio uliokuja kuipa Busia pande mbili. Ng'ombe hawakuutambua, wala ndorobo, wala kupe. Tangu hapo, hata hivyo, malisho yale yale yalikuwa na serikali mbili, na kila moja ilikuja na mawazo yake juu ya mnyama bora.

Jicho lililotoka Uingereza, 1822–1945

Mawazo hayo yalikuwa yamepikwa Uingereza muda mrefu. Katika karne ya 18 Robert Bakewell, mkulima wa Dishley, alionyesha kwamba ukiwapandisha ndugu kwa ndugu, ukachagua kwa ukali, unaweza kubadili umbo la kondoo na ng'ombe ndani ya vizazi vichache. Mwaka 1822 kikatoka kitabu cha kwanza cha ukoo wa ng'ombe, cha aina ya Shorthorn. Baada yake kila aina ilitaka kitabu chake, na kila kitabu kilikuwa na mlango: aliyeandikwa ndani alikuwa safi, wa nje alikuwa chotara.

Kutoka zizini desturi hiyo iliingia sebuleni. Mwaka 1859 mji wa Newcastle uliandaa maonyesho ya mbwa yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake. Mwaka 1873 klabu ya mbwa ya Uingereza, Kennel Club, ikaundwa, na mwaka 1891 Charles Cruft akaanzisha maonyesho yanayobeba jina lake hadi leo. Majaji walipewa maelezo ya maandishi: kichwa kiwe hivi, mkia vile, pua ifupike. Mbwa aina ya bulldog alifinywa uso kizazi kwa kizazi, kichwa kikakua, nyonga ikabaki nyembamba. Leo matokeo yake yanahesabika: uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa mbwa hao hufanywa kwa upasuaji. Mama anabeba watoto ambao njia yake haiwezi kuwatoa, kwa sababu majaji walipenda kichwa kipana.

Afrika nayo ilitoa mbwa wake. Basenji, mbwa mdogo wa mawindo kutoka misitu ya Kongo, asiyebweka kama mbwa wengine, alionyeshwa Crufts mwaka 1895; wale wa kwanza walikufa kwa ugonjwa muda mfupi baadaye. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa na watu wakafurika kuwatazama. Kutokana na mbwa wachache waliochukuliwa Kongo kulijengwa ukoo mzima wa Ulaya na Marekani, kitabu kikafungwa. Ndipo maradhi yaliyojificha katika wale wachache yakaanza kujirudia: upungufu wa damu wa kurithi, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walirudi Zaire, vijijini, kutafuta mbwa wasio na cheti, na mwaka 1990 kitabu chao kikafunguliwa kuwapokea. Mbwa wa kijiji ndiye aliyeitwa kuokoa mbwa wa maonyesho. Kisa hiki kinastahili kujulikana Afrika Mashariki zaidi ya kinavyojulikana sasa.

Walowezi waliokuja Kenya walikuwa wamelelewa katika ulimwengu huo. Mwaka 1901 walianzisha chama cha kilimo, mzazi wa chama cha sasa kinachoandaa maonyesho ya kilimo Kenya, na mwaka uliofuata wakafanya maonyesho yao ya kwanza. Lord Delamere aliagiza madume ya kigeni na kuyaleta shambani kwake Njoro, akapata hasara baada ya hasara kwa magonjwa. Mwaka 1920 Kenya ikawa na kitabu chake cha ukoo wa mifugo. Ng'ombe wa gredi, yaani wenye damu ya kigeni, walikaa katika mashamba ya walowezi, wakizungukwa na uzio, majosho na karantini.

Magharibi, ng'ombe wa Mwafrika alibaki alivyo. Teso na Bukedi pamba ilikuwa imeleta jembe la kukokotwa, na dume dogo la kienyeji lilionyesha thamani ambayo hakuna jaji aliyeiandika: lililima asubuhi nzima juani, likala majani makavu, na kesho yake likasimama tena. Maafisa waliandika ripoti juu ya udogo wake, huku uchumi wao wa pamba ukipita juu ya mgongo wake.

Mbegu ya Kabete, maabara ya Tororo, 1946–1977

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja, na yalielekea pande tofauti.

La kwanza lilikuwa Kabete. Mwaka 1946 kilifunguliwa kituo cha uhimilishaji, na mbegu ya fahali mmoja ikaweza kufika mamia ya ng'ombe asiowahi kuwaona. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliondoa vizuizi vilivyowanyima Waafrika ng'ombe wa gredi. Hilo lilikuwa jambo la haki. Mkulima wa Nyanza au Bungoma alikuwa amezuiliwa miaka mingi kupata kile ambacho jirani yake mlowezi alikamua kila siku, na hakuna anayepaswa kumlaumu kwa kukitaka. Baada ya uhuru gredi ikawa alama ya maendeleo. Friesian mweusi na mweupe alichorwa katika vitabu vya shule, akashinda riboni katika maonyesho, na macho ya nchi nzima yakajifunza kwamba ng'ombe mzuri ni yule.

La pili lilikuwa Tororo. Katika miaka ya 1950 taasisi ya utafiti wa malale na nagana ya Afrika Mashariki, EATRO, iliweka makao yake Sukulu, nje kidogo ya mji. Watafiti wake walitazama vimelea kwa darubini, wakafuata ndorobo, wakapima damu ya wanyama. Vimelea walivyohifadhi vilipelekwa maabara za mabara mengine vikiwa na herufi hizo, EATRO, na namba.

Miaka ya 1964 na 1965 malale yalipiga Alego, Nyanza. Onyango, van Hoeve na de Raadt walikwenda kuchunguza, na mwaka 1966 wakachapisha matokeo yaliyobadili elimu ya ugonjwa huu: vimelea vinavyomuuguza binadamu walivikuta katika damu ya ng'ombe. Ng'ombe wa kienyeji aliweza kuvibeba bila kuonekana mgonjwa, ndorobo akamnyonya, kisha akamng'ata mtu. Basi hata ustahimilivu wa ng'ombe wetu una upande wake wa hatari, na anayemsifu zebu bila kusema hili hajasema kweli yote. Mnyama huyu hajakamilika. Ameishi tu muda mrefu na maadui zake hadi wakazoeana, na mzoeano huo una gharama kwa jirani yake wa miguu miwili.

Kama Kabete na Tororo zingezungumza kwa dhati, mbegu iliyopelekwa mpakani ingechaguliwa kwa kujua damu ya huko. Hilo halikufanyika vya kutosha. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na watafiti wakagawanyika. Taasisi ya Tororo ikabaki ya Uganda peke yake, ikibadilishwa jina mara kadhaa. Kenya ikaanzisha yake, KETRI, ambayo ilikuwa na hospitali ya malale Alupe, kilomita chache kutoka mjini Busia.

Majosho yanakauka, 1977–2006

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kuliko yote. Uganda chini ya Idi Amin na vita vilivyofuata iliacha kazi ya kudhibiti ndorobo, na malale yakarudi Busoga mwaka 1976, yakatambaa hadi Tororo katika miaka ya 1980. Kuanzia katikati ya muongo huo wizi wa mifugo kutoka Karamoja ulifagia mazizi ya Teso. Familia iliyokuwa na makumi ya ng'ombe ilibaki na kamba.

Katika pengo hilo wafadhili waliingia kwa nia njema. Mwaka 1988 wakulima Wakristo wa Uingereza, wakiwa wamebanwa na sheria za Ulaya zilizopunguza maziwa yao, walianza kusafirisha ng'ombe kwa ndege hadi Uganda, na shirika lao likaitwa Send a Cow. Upande wa Kenya mradi wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi ulikuwa umeanza mwaka 1980 kufundisha ufugaji wa ndani: banda, majani ya nepia yaliyokatwakatwa, maji ndooni, ng'ombe asiyetoka. Palipotunzwa vizuri, maziwa yaliongezeka mara kadhaa na watoto wakasomeshwa. Ni lazima hili lisemwe waziwazi, kwa kuwa yapo makazi mengi Busia na Tororo yaliyoinuliwa na ng'ombe mmoja wa gredi.

Lakini ng'ombe yule alikuja akiwa amefungamanishwa na josho, na josho likafa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 serikali zilipunguza huduma za mifugo kwa shinikizo la wakopeshaji. Majosho yalikabidhiwa kamati za vijiji zisizo na fedha za dawa. Daktari wa mifugo aliyelipwa na serikali akawa wa kulipwa na mkulima. Hata nepia ikaugua: mwaka 1997 Bungoma iligunduliwa ikidumaa na kugeuka njano, na baada ya muda mfupi ugonjwa huo ukaonekana mashariki mwa Uganda. Mnyama aliyeumbwa kula sana akabaki na mashina.

Anayetaka kujua maana ya hayo na amtazame ndama mwenye ndigana kali. Kupe wamejipanga ndani ya sikio kama punje za mtama. Tezi iliyo chini ya sikio imevimba, ukiigusa ni ngumu. Manyoya yamesimama, macho yanatoa machozi, naye haendi tena kwa mama yake. Siku chache baadaye anakohoa, anavuta pumzi kwa shida, na mapafu yanapojaa maji povu jeupe linatoka puani. Hufa akihangaika kupumua. Zebu mdogo huweza kupita hapo akabaki na kinga. Wa gredi asiyetibiwa mapema hupita kwa nadra sana.

Kuna maumivu mengine yasiyoandikwa katika ripoti za lita. Mbegu ya fahali mkubwa ikiwekwa kwa jike dogo la kienyeji, ndama anaweza kuwa mkubwa kuliko njia. Wanaume wanamvuta kwa kamba usiku kucha. Wakati mwingine ndama anakufa, wakati mwingine mama, wakati mwingine wote wawili. Tofauti na bulldog wa Uingereza ni moja: huko kuna chumba cha upasuaji.

Biashara ya mifugo nayo ilisafirisha ugonjwa. Desemba 1998 malale yalizuka Soroti, mahali ambapo hayakuwa yakijulikana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulifuata nyayo hadi kwenye soko la ng'ombe: wanyama wa kujaza upya mazizi ya Teso walikuwa wametoka maeneo yenye vimelea, bila kutibiwa. Mwaka 2006 Uganda na washirika wake walianzisha kampeni ya kutibu ng'ombe kwa wingi na kuwapuliza dawa miguuni na tumboni, kwa sababu huko ndiko ndorobo hupenda kung'ata. Gharama ilipungua, na mkulima mdogo akaweza.

Ndama 548, 2007–2010

Kisha ikafanywa kazi ambayo ilipaswa kutangulia kila mradi wa mbegu. Kati ya mwaka 2007 na 2010 watafiti wenye kituo Busia, wakishirikiana na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, na vyuo vikuu vya Edinburgh na Nottingham, waliwafuata ndama 548 wa kienyeji wa magharibi mwa Kenya tangu kuzaliwa hadi karibu mwaka mmoja. Kila majuma matano ndama alipimwa uzito, damu, kinyesi, kupe. Aliyekufa alipasuliwa ijulikane kilichomuua.

Ndama 88 walikufa kabla ya kufikisha mwaka. Ndigana kali iliongoza, ikifuatwa na minyoo ya tumbo na maji moyo. Hayo yalitazamiwa. Yasiyotazamiwa yalikuwa katika vinasaba. Ndama wote walikuwa wamechaguliwa kwa kuwa wa kienyeji, lakini vipimo vilionyesha baadhi yao walikuwa na damu ya Ulaya, mabaki ya fahali fulani wa zamani. Wale ambao damu hiyo ilizidi sehemu moja ya nane waliugua zaidi kuliko wenzao. Waliotokana na wazazi wenye undugu wa karibu nao walikuwa dhaifu zaidi.

Sehemu moja ya nane ni mchango wa babu mzaa babu mmoja. Tone hilo la zamani halikuwa limewafanya watafiti wawatenge na wenzao kwa macho. Miaka yote ya kuchagua kwa jicho ilikuwa ikipita juu ya jambo ambalo jicho haliwezi kuliona.

Mbwa mahakamani, na ng'ombe bila wakili

Wakati ndama wa Busia walipokuwa wakipimwa, Ulaya ilikuwa ikigombana na maonyesho yake. Mwaka 2008 BBC ilionyesha filamu juu ya mateso ya mbwa wa kizazi safi, na mwaka uliofuata ikaacha kurusha Crufts. Ripoti ya Profesa Patrick Bateson ya mwaka 2010 ilithibitisha madhara ya kuzalisha mbwa kwa sura na kwa undugu wa karibu. Uholanzi iliweka vipimo mwaka 2019: mbwa ambaye pua yake iko chini ya theluthi ya urefu wa fuvu asizalishwe. Norway ilifika mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba uzalishaji wa mbwa aina ya Cavalier King Charles, kama ulivyokuwa ukifanywa huko, unavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: kumzalisha kwa makusudi mnyama atakayeteseka ni kumtesa.

Sheria ya Kenya dhidi ya ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamkamata anayempiga mnyama au kumbebesha mzigo kupita kiasi. Uganda ina sheria ya uzalishaji wa mifugo ya mwaka 2001, na kituo chake cha mbegu kiko Entebbe. Hoja ya Norway inahusu mazizi yetu pia, tena kwa uzito zaidi. Cavalier anayeumwa Oslo ana daktari na dawa. Mtamba wa gredi aliyeuzwa Busia kwa familia isiyo na dawa ya kupe amezaliwa kwa makusudi aishi mahali ambapo mwili wake hauwezi. Maumivu yake yalijulikana kabla hajatungwa mimba. Umaskini wa mnunuzi haumwondolei lawama aliyemuuza akijua.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Ni ushindi wa miaka zaidi ya 100, na watu wa Tororo, Alupe na Alego wana sehemu kubwa ndani yake. Ndigana kali, hata hivyo, bado iko, ingawa chanjo yake iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970 ipo na inafanya kazi.

Kwa hiyo ombi letu ni kwa kaunti ya Busia upande wa Kenya na kwa wilaya za Busia na Tororo upande wa Uganda, pamoja. Kila mrija wa mbegu unaouzwa mpakani uandikwe kiwango cha damu ya kigeni kitakachopatikana. Mbegu ya fahali mkubwa isiwekwe kwa jike dogo. Mtamba wa gredi asikabidhiwe familia kabla hajachanjwa ndigana kali na kabla njia ya kudhibiti kupe haijapatikana. Katika maonyesho ya kilimo, riboni ya kwanza atunukiwe ng'ombe ambaye ndama wake wamevuka mwaka mmoja wakiwa hai, na daftari la matibabu yao liwekwe mezani mbele ya jaji.